Naomba ushauri: kona za mfarishi zimenishinda

Habari zenu mafundi. Nimeshona mfarishi wa viraka, tabaka zote tatu zimeshashikana, imebaki kumalizia pindo. Sikutaka kushona utepe wa pembeni, kwa hiyo niliacha kitambaa cha chini kizidi sm 5 kila upande, nikikunje mara mbili kije juu. Pamba ya kati nimeipunguza ikalingana na kitambaa cha juu.

Pande zilizonyooka hazina neno, pasi na pini zinatosha. Shida ni kona. Nataka mkunjo wa mshazari, pembe ya digrii 45, kama fremu ya picha. Ya kwanza nilikunja bila kukata kitu: likatoka donge, cherehani ikaruka mishono, mwishowe sindano ikavunjika. Ya pili nikapunguza ncha, nikakata karibu mno, sasa pamba inachungulia (aibu tupu). Mbili zilizobaki sijazigusa, mkasi nimeuficha.

Naombeni mnisaidie: ncha naikata nikiacha nafasi kiasi gani kutoka kona ya kitambaa cha juu? Na ile niliyoiharibu, naweza kuiziba bila kufumua upande mzima?