Gumzo la familia: chumba cha sinema kimepauka

*Alhamisi jioni*

Baba: Habari za jioni wote. Shikamoo Mama. Skrini imeshafungwa, na jana usiku tumewasha projekta kwa mara ya kwanza. Picha imepauka mno. Sijaridhika hata kidogo.

Bibi: Marahaba mwanangu. Poleni na kazi.

Kaka: Shikamoo Bibi. Baba, taa zilikuwa zimezimwa?

Baba: Zote, na pazia limefungwa. Pale filamu inapoonyesha usiku, badala ya giza unaona ukungu. Fundi ameikagua mashine, anasema ni nzima.

Mimi: [Picha] Hii nilipiga nikiwa nimesimama mlangoni. Tazameni kuta na dari.

Mjomba: Shemeji, jibu lipo kwenye hiyo picha. Chumba chote kinawaka. Projekta hairushi weusi, maana hakuna mwanga mweusi. Pale panapotakiwa kuwa peusi mashine inanyima mwanga tu, na wewe unabaki kuitazama skrini yenyewe. Sasa kuta zako ni nyeupe, tena za kung'aa. Mwanga unatoka kwenye skrini, unagonga kuta na dari, unarudi kulekule na kuufuta ule weusi. Hata ukinunua mashine kubwa zaidi hutapona, kwa sababu itaongeza na mwanga unaorudi.

Baba: Kumbe tatizo ni rangi ya ukuta!

Mjomba: Rangi na mng'ao wake. Paka rangi isiyong'aa, iliyopoa na iliyokolea. Anza na dari, watu wengi huisahau, na ndiyo inayorudisha mwanga mwingi kwa kuwa haina samani wala pazia la kuufunika.

Shangazi: Kaka yangu, kama ni ya kukolea basi weka damu ya mzee. Ile rangi ina heshima, chumba kitapendeza kweli.

Mjomba: Shemeji, naipenda mimi pia, ila si kwa ukuta ulio karibu na skrini. Ukuta hurudisha mwanga wa rangi yake. Nyuso za waigizaji zitaingiwa wekundu, na vivuli pia. Halafu jicho lina tabia ya kuizoea rangi iliyolizunguka na kuanza kuzisoma nyingine vibaya. Ndiyo maana vyumba wanakosahihishia rangi za filamu huwa na kuta za kijivu.

Shangazi: Nimeelewa. Lakini mnisikilize hata kwenye mito basi.

Mimi: Mito ya damu ya mzee kwenye viti inakubalika, Shangazi. Itakuwa mbali na skrini na kitambaa chake haking'ai. Mimi naona ndiyo iwe rangi pekee nyekundu humo ndani.

Mama: Mimi nina neno moja. Sitaki kuishi na pango. Mkishapaka kijivu cha giza kila mahali, mchana nani ataingia humo?

Mjomba: Dada, si lazima iwe kila mahali. Giza zaidi liwe ukuta wa skrini, na kuta za pembeni pamoja na dari kiasi cha mita moja na nusu kutoka skrini. Hapo weka kijivu cha mkaa. Ukirudi nyuma, rangi ipungue ukali, ifike hudhurungi au rangi ya mchanga wenye unyevu. Ukuta wa nyuma ndio unaoingia nao mlangoni, kwa hiyo macho yako yatapokelewa na rangi ya joto.

Mama: Hapo sawa. Kijivu chenyewe ni kipi lakini? Dukani vipo ishirini na vyote vinaitwa kijivu.

Mjomba: Kuna kinachoegemea bluu, kinachoegemea kijani, na kinachoegemea udongo. Kwenye kopo huwezi kujua. Chukua kipande cha ubao chenye upana wa viganja vinne au vitano, kipake mikono miwili, yaani rangi mara mbili, kikauke kabisa. Kisha kizungushe chumbani: mchana karibu na dirisha, usiku chini ya taa mtakayotumia. Mpaka mmekiona usiku, msinunue makopo. Nimeona watu wengi wakijuta kwa kuchagua rangi saa sita mchana kwa ajili ya chumba cha usiku.

Kaka: Na taa nyeupe sana zitaikausha rangi hiyo hata ikiwa nzuri. Tuweke za kelvini 2,700, yaani za mwanga wa manjano, zenye swichi ya kupunguza mwanga, na zielekezwe ukutani. Isiwepo hata moja inayotazama skrini.

Mama: Na zulia?

Mimi: La hudhurungi ya giza, nene, lenye mpira au sponji chini yake. Baba, ulipopiga makofi mle ndani ulisikia ule mlio unaorudirudi? Ni sauti inarukaruka kati ya kuta tupu zinazotazamana, na kati ya sakafu tupu na dari. Zulia na mapazia mazito yenye mikunjo vitaumeza, na maneno ya waigizaji yatasikika. Mama, rangi zikishapoa hivi, uzuri wa chumba unaletwa na kile mkono unachogusa: kitani, sufu, mbao isiyo na vanishi ya kung'aa. Kijivu cha sufu na kijivu cha ukuta havifanani hata vikitoka kopo moja.

*Ijumaa*

Baba: Sasa viti. [Picha] Nimevipenda hivi. Ngozi nyeusi, vinalala, mgongo mrefu. Nafikiria sita.

Kaka: Baba, chumba kina upana wa mita 3.6. Kila kimoja na mikono yake ni karibu sentimita 90. Vitatu peke yake ni mita 2.7. Tukichukua vya kushirikiana mkono katikati, vitatu vinaingia kwenye mita 2.4, tunabaki na sentimita 60 za kupita kila upande.

Baba: Na safu ya pili nyuma?

Kaka: Urefu hautoshi. Skrini ni ya inchi 100 kutoka kona hadi kona, upana wake mita 2.21. Mtu akikaa mita 3.3 kutoka skrini, picha inajaza macho kwa nyuzi 37 hivi, na ndiyo raha yenyewe: unaiona yote bila kugeuza shingo. Nyuma ya hapo inabaki kama mita moja hadi ukutani. Iache wazi. Viti vinavyolala vinahitaji nafasi nyuma, na ukikaa umeegemea ukuta, besi hurundikana hapo ikavuma kupita kiasi. Vijana tutakaa chini kwenye mito mikubwa.

Mimi: Ngozi naomba tuifikirie upya. Inang'aa, kwa hiyo tutakuwa tumeondoa mng'ao ukutani na kuurudisha kwenye viti. Filamu ya saa mbili kwenye ngozi inakutoa jasho mgongoni. Na mgongo mrefu namna hiyo unapita masikio, spika za nyuma tutakuwa tumezinunua bure. Mgongo uishie mabegani, kichwa kipate egemeo dogo.

Baba: Mmenishinda kwa hoja. Kitambaa basi, kijivu cha udongo.

Mama: Kipi kinafulika? Hilo ndilo swali langu.

Mimi: Tutafute vyenye foronya za zipu, Mama.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti, 1:12

Mimi: Shangazi yuko kazini hawezi kusikiliza, nauandika alivyosema Bibi:

"Wanangu, nimefurahi kuwasikia. Naomba niseme langu. Lile kochi la sebuleni ni laini mno, likishanimeza siinuki mpaka nivutwe mkono. Mkiwasha filamu mimi huaga nikasema nina usingizi. Si usingizi. Ni kwamba sitaki kuwasimamisha wote katikati ili mniinue. Basi mkinunua, mnifikirie na mimi."

Shangazi: Mama yangu 😢 Miaka yote hiyo tunakutakia usiku mwema.

Baba: Nisamehe Mama. Sikujua.

Mama: Viti visinunuliwe mpaka tupime. Mwanangu, leo jioni chukua utepe uende kwa bibi yako.

Mimi: Nimetoka kwake sasa hivi. Kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, akiwa na viatu vyake vya ndani, ni sentimita 44. Vile viti vya Baba vimeandikwa 46, ila hiyo ni kabla mtu hajakaa. Nimepita dukani nikakaa na kupima: vinazama hadi 40. Hapo ndipo goti linapopanda juu ya nyonga na kuinuka kunakuwa kazi. Tunataka sponji ngumu isiyozama zaidi ya vidole viwili, mikono imara ya kujisukumia, na kina cha kiti kisichozidi urefu wa paja lake, miguu isining'inie.

Mjomba: Na chini ya ukuta, njia nzima hadi mlangoni, weka utepe wa taa hafifu za rangi ya joto. Chumba cha giza na zulia la giza vinaficha kila kitu. Asitafute njia kwa kupapasa.

Baba: Nimeandika yote. Mama, chako tutakiweka cha pembeni, upande wa mlango, iwe rahisi kutoka.

Bibi: Hapana mwanangu. Kama kiti kinaniinua, nitatoka nikitaka. Mimi nataka pale kati, picha ninyooke nayo.

Baba: Kati ni pako, Mama.

Mjomba: Jumamosi asubuhi naanza na dari. Skrini ishushwe na ifunikwe kabla sijafika.