Mgonjwa wa mifupa dhaifu akiambiwa "ni uzee tu", adai nini kliniki?

Mtunza_Mama: Habari zenu. Mama wa miaka 68 kateleza sakafuni, kifundo cha mkono kikavunjika. Kafungwa plasta, kapewa kalsiamu, basi. Akiuliza zaidi anaambiwa ni uzee. Aingie kwa daktari na maswali gani?

Nesi_Mifupa: Pole kwa mama. Baada ya miaka 50, mfupa ukivunjika kwa kuanguka tu kutoka kimo cha kusimama, ni lazima mifupa dhaifu ishukiwe. Aseme hivyo hivyo: "Nilikuwa nimesimama, nikaanguka, mfupa ukavunjika. Naomba kipimo cha DEXA." Hiyo ni eksirei ya kupima uimara wa mifupa. Akikataliwa, aombe sababu iandikwe kwenye faili. Achukue nakala ya majibu yenye namba, maana "mifupa imepungua kidogo" haimsaidii mtu. T-score, yaani namba inayolinganisha mifupa yake na ya kijana mwenye afya, ikiwa −2.5 au chini ya hapo ni osteoporosisi, ndiyo mifupa dhaifu. Hata isipofika hapo, asikubali kurudishwa nyumbani kabla hatari yake ya kuvunjika tena haijakadiriwa, huku kuvunjika kwa sasa kukihesabiwa.

Aulizie pia vipimo vya damu: kalsiamu, vitamini D, figo na tezi ya thairoidi. Ataje dawa zake zote, hasa prednisolone (dawa ya steroidi) iliyotumika miezi 3 au zaidi. Kama kimo kimepungua sentimita 4 hivi, aombe eksirei ya mgongo. Pingili nyingi huvunjika bila mtu kujua.

Mfamasia_Zamu: Kalsiamu peke yake haitoshi kwa mtu aliyekwisha kuvunjika. Akiandikiwa alendronate, kidonge cha kuzuia mfupa usiliwe, cha miligramu 70, ni mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na glasi nzima ya maji matupu. Chai, maziwa au kalsiamu huzuia dawa isifyonzwe. Halafu asilale wala kula kwa nusu saa.

Denosumab ni dawa nyingine ya mifupa, sindano ya kila miezi 6, na hapa ndipo watu wanapoumia: ukiichelewesha au kuiacha bila dawa nyingine ya kuipokea, mfupa huanza kuliwa kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika. Kabla ya sindano ya kwanza aulize ni nani atamkumbusha, na siku ya kuiacha atapewa nini.

Mtunza_Mama: Asanteni sana. Kidonge kikimuunguza kifua je?

Mfamasia_Zamu: Asivumilie, na asiache kimyakimya. Akisikia maumivu akimeza, asimamishe na amwone daktari haraka. Zipo za kupitia mshipani, kama zoledronic acid mara moja kwa mwaka, ila figo zipimwe kwanza.

Mazoezi_Tiba: Aingie na mtu wa kuandika majibu. Maswali matatu yatosha, lile zito liwe la kwanza. Aombe rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia afundishwe usawa wa mwili na kuimarisha mapaja, na aeleze wazi kama anaogopa kuanguka, kwa sababu woga huo humkalisha mtu na misuli ikaisha. Nyumbani ombeni msaada wa kazi mahususi: kubeba ndoo, kuinua godoro, kufunga taa ya njia ya chooni. Akiinama apige magoti, asikunje mgongo.