Moshi hafifu baada ya kubadilisha dekoda kwenye injini ya mvuke ya H0

Mpenzi wa Mvuke (Hamburg)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina injini ya mfano ya mvuke ya Kijerumani, Baureihe 01, ya kipimo cha H0, yaani 1:87, inayotembea kwenye reli za upana wa milimita 16.5. Niliinunua mkononi kwa mtu ikiwa na dekoda (kifaa kidogo ndani ya injini kinachopokea amri za kuiendesha) kuukuu isiyo na sauti. Wiki iliyopita nimeitoa, nikachomeka dekoda mpya ya DCC, yaani mfumo wa kuendesha treni kwa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli, yenye sauti kwenye soketi ya pini 8 iliyomo ndani ya behewa la makaa, kisha nikapachika kitoa moshi kipya kwenye dohani. Injini inakwenda vizuri na sauti ni safi, lakini moshi unatoka kama uzi tu, hata nikisubiri dakika kadhaa. Waya wa kijani wa dekoda nimeulehemu kwenye mguu mmoja wa kitoa moshi. Mguu wa pili unagusa bodi ya chuma ya injini, kama nilivyoukuta mwanzoni. Je, dekoda haina nguvu ya kutosha, au nimenunua kitoa moshi kibovu?

Fundi wa Jioni

Ndugu yangu, kabla hujalaumu kifaa chochote, utazame huo mguu unaogusa chuma, kwa maana naamini shida yako iko hapo. Katika injini nyingi za zamani bodi ya chuma imeunganishwa na reli ya upande mmoja, na mkondo wa DCC kwenye reli hugeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde. Waya wa kijani hauleti umeme chanya, bali huufungulia njia ya kurudi upande hasi wa dekoda. Kwa hiyo kitoa moshi chako hupata umeme pale tu reli ile inapokuwa chanya, yaani karibu nusu ya muda, na joto lake nalo linabaki nusu. Waya wa buluu ndio chanya ya pamoja ya dekoda. Dawa yake ni kukitenga kabisa kitoa moshi na chuma, mguu mmoja ukaupeleka kwenye kijani na wa pili kwenye buluu.

Nakusihi sana: buluu isiguse bodi ya injini hata kwa nukta moja, kwani bodi ikiwa imeungana na reli, dekoda itaungua papo hapo. Mimi huvalisha kila kiungo mpira unaosinyaa kwa joto, kisha napima kwa mita ya umeme kati ya buluu na chuma kabla ya kuifunga injini. Taa za mbele nazo zikague, kwa sababu balbu za zamani mara nyingi zilitumia chuma hichohicho kama njia ya kurudi.

Bibi Stesheni

Naunga mkono, na ninaongeza hesabu ambayo wengi huiruka. Pima ukinzani wa kitoa moshi kikiwa nje ya saketi. Tuseme umepata omu 110, na dekoda inatoa volti 16: gawanya, utapata takriban miliampea 145. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya dekoda kwa tundu hilo moja, yaani njia moja ya kutolea umeme, si kwa dekoda nzima. Kumbuka kuwa ukishakitenga na chuma, umeme utakuwa kamili, na tundu lililovumilia nusu huenda lisivumilie yote.

Kuhusu mafuta ya kutengenezea moshi, tumia bomba la sindano na usipite nusu ya chombo cha kitoa moshi. Kikijaa hadi juu, mafuta huziba mrija mwembamba wa kati na moshi hukatika kabisa. Hapo unayafyonza kwa sindano ileile au kwa ncha ya karatasi laini. Matone yanayoangukia reli yafute mara moja, maana magurudumu yenye ringi za mpira yakishalowa mafuta hayashiki tena.

Mpenzi wa Mvuke (Hamburg)

Nimerudi, ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Mita ilionyesha bodi imeungana na reli ya kushoto, kama alivyosema Fundi. Kitoa moshi kina omu 120, na tundu la dekoda linaruhusu miliampea 250. Nilikivalisha utepe unaostahimili joto kuzunguka shingo ya dohani, nikavuta waya mpya wa buluu kutoka kwenye behewa la makaa, halafu nikaiweka injini kwanza kwenye reli ya kuprogramia, yaani ya kuwekea mipangilio ya dekoda, ambako mkondo ni mdogo na kosa haliunguzi kitu. Anwani, yaani namba ya kuiitia injini, ilisomeka bila shida: 3, kama ilivyotoka kiwandani. Nilipoihamishia kwenye njia kuu na kuwasha moshi, baada ya muda mfupi tu ulipanda mweupe, mzito, ukapita juu ya kibanda cha dereva.

Limebaki jambo moja: injini ikisimama kituoni moshi ni mwingi kupita kiasi. Je, naweza kuupunguza?

Fundi wa Jioni

Bila shaka. Dekoda nyingi za sauti zina kigezo cha nguvu ya kila tundu, kilekile kinachotumika kupunguza mwanga wa taa. Anza na theluthi mbili, kisha ushuke kidogo kidogo. Plastiki iliyo karibu na dohani nayo itapumzika.