Tupeane uzoefu: Uliuza nyumba ukaandaa nyaraka mwenyewe? Ulikwama wapi?

Mzee wa Kimara

Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu anauza nyumba mwezi ujao na ameniambia ataandaa karatasi mwenyewe kama nilivyofanya mimi. Naanza na yangu, nanyi mtoe yenu, hasa pale mlipokwama.

Niliuza nyumba ya kupangisha mwaka 2023, shilingi milioni 90, yenye hati. Mkataba wa mauziano niliuandika usiku mmoja: namba ya kiwanja na kitalu, bei kwa tarakimu na kwa maneno, awamu za malipo, siku ya kukabidhi funguo. Ofisi ya ardhi nikachukua fomu namba 29 ya taarifa, namba 30 ya kuomba kibali na namba 35 ya uhamisho wenyewe. Kuzijaza si kazi. Kilichonitesa ni jina. Hati ina majina mawili, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina matatu, tena herufi moja imepishana. Nilirudishwa, nikaenda kula kiapo cha majina, wiki tatu zikapita huku mnunuzi akinipigia kila jioni kuuliza kama nimebadili mawazo.

Kwenye kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza nyumba, ndipo nilipomshukuru mke wangu. Tangu tunaanza msingi alikuwa anaweka risiti za saruji, nondo na mabati kwenye boksi la viatu. Tukathibitisha gharama za milioni 72, ongezeko likawa milioni 18, nikalipa asilimia 10 yake, yaani milioni 1.8. Bila kumbukumbu ningetozwa asilimia 3 ya bei nzima, milioni 2.7. Mwambieni kila anayejenga leo atunze risiti.

Nililosahau kuandika ni nani analipa nini. Tulibishana na mnunuzi kuhusu ushuru wa stempu, asilimia 1, mpaka tukakaribia kuvunja biashara.

Mama Tabata

Asante kaka kwa kufungua. Mimi nyumba ni yangu, nimejenga kwa mshahara wangu, hati ina jina langu tu. Nikaamini sihitaji saini ya mtu. Wakili wa mnunuzi akaniuliza, "Dada, umeolewa? Mnaishi humo?" Nikasema ndiyo. Akafunga faili palepale. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata jina likiwa la mmoja. Mume wangu alikuwa kazini Mwanza na hakuwa na pingamizi lolote, lakini ilibidi asaini ridhaa huko mbele ya wakili, karatasi zikaja kwa basi. Ningejua, ningeiandaa hiyo kabla hata ya kumwita dalali.

Mjukuu wa Korogwe

Yetu ilikuwa nyumba ya marehemu baba, na hapa naomba mtu asome taratibu. Kaka yetu mkubwa aliitisha kikao cha ukoo, wakaandika muhtasari, wakasaini, wakauza. Akili yake ilimwambia muhtasari unatosha. Hautoshi. Muhtasari ni wa kupeleka Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Akishateuliwa, anasajiliwa kwenye hati kama msimamizi, na hapo ndipo anaweza kumhamishia mnunuzi. Mnunuzi wetu alikuwa ameshalipa nusu, na nyumba bado ina jina la mtu aliyezikwa.

Kibaya zaidi, dada zetu wawili walioolewa hawakuitwa kwenye kikao. Mmoja alisikia kwa jirani kwamba nyumba aliyozaliwa imeuzwa. Akaenda kuweka zuio, na alikuwa na haki. Tulirudi mwanzo kabisa: kikao kingine na wote wapo, mahakama, tangazo, kusubiri. Mwaka mzima na miezi. Nyumba iliuzwa mwishoni, ila dada yule mpaka leo hatujakaa naye meza moja, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Mwana Kilifi

Huku Kenya nyumba yangu ilikuwa kwenye shamba, kwa hivyo lazima idhini ya Bodi ya Ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kutiwa saini. Mimi nilikumbuka mwezi wa tano. Pia wekeni akilini kodi ya faida ya kuuza mali ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, nami bei nilikuwa nimeipanga kwa hesabu ya zamani.

Kijana Chanika

Wakuu shikamooni. Jirani ana stationery, anaandika mikataba kwa elfu 30. Nimpe? Na nyumba yangu haina hati, nina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, na jirani mwingine ninayepakana naye, wa upande wa kisima, anahama mwisho wa mwezi.

Mzee wa Kimara

Marahaba. Usimpe. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye na sifa kuandaa nyaraka za namna hiyo kwa malipo. Ya kwako mwenyewe andika, na chini yake weka jina na anwani ya aliyeiandaa, maana bila hivyo msajili anaikataa. Kisha msaini mbele ya wakili au hakimu, agonge muhuri. Mimi wakili nilimlipa kwa hilo tu.

Kwa kuwa huna hati, tafuta karatasi ya aliyekuuzia, na ya aliyemuuzia yeye kama ipo, uziambatanishe zote. Pita mipaka na majirani wote wanne, wasaini. Umesema yule wa upande wa kisima anahama mwisho wa mwezi, basi anza naye kesho asubuhi.