Kikundi: Jirani wa Matondoni, Lamu. Habari ya hori na baraza la Jumamosi

JUMATANO

19:06 Mama Twaha: Asalaam aleikum jirani zangu. Jumamosi saa 3 asubuhi kuna baraza bandani kwa mafundi wa majahazi. Wanakuja watu wa mazingira wa kaunti, kamati ya tabianchi ya wadi, na mtu wa misitu. Ni ile pesa ya FLLoCA, ya wananchi kupanga wenyewe miradi ya tabianchi. Kila mtaa useme unataka nini. Tafadhali someni mpaka mwisho.

19:08 Mama Twaha: Kamati hiyo ni ya watu wa wadi wenyewe, na ndiyo inayopeleka pendekezo juu. Kwa hivyo tusiseme tena tumeamuliwa. Tukikaa nyumbani, karatasi itaandikwa bila sisi, na itaandikwa kwamba tulikuwepo na tukakubali.

19:09 Mama Twaha: Ombi langu mimi ni hori letu, ule mkono wa bahari wa nyuma ya makaburi. Mikoko imekauka, imebaki kuni zimesimama. Kaa hakuna, kamba hakuna.

19:33 Mama Twaha: Naona wamesoma 38. Kuitikia salamu kumepanda bei?

19:40 Bakari wa Kaa: Waleikum salaam mama. Tulikuwa tunatafuta bando la kuitikia.

19:41 Bakari wa Kaa: Chai ipo?

19:41 Mama Twaha: Bakari.

19:42 Bakari wa Kaa: Nauliza tu. Baraza bila mahamri ni msiba

19:42 Salma: Hata msiba una mahamri

19:43 Bakari wa Kaa: Basi hili ni baya kuliko msiba 😂

19:44 Salma: Na mbaazi za nazi wallahi tutakuja mtaa mzima

19:44 Twaha: Mbaazi za kwa Bi Rukia au za hoteli?

19:46 Bi Rukia: Mnanitajia nini mimi

19:50 Mama Twaha: Turudi kwenye hori jamani. Nani anakuja? Andikeni jina.

20:15 Mwalimu: Dada, mimi nipo. Niongeze moja, ili tusiwaombe kaunti kitu kisicho mkononi mwao. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Kaunti haiwezi kuingia pale peke yake, ndiyo maana mtu wa misitu anakuja. Tumbane yeye pia, siyo kaunti tu. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima iko Lamu. Hatuendi kuomba sadaka.

20:17 Mama Twaha: Ahsante Mwalimu. Mmeona? Haya, majina.

20:58 Mama Twaha: Majina.

21:30 Shee Barafu: Mimi nitakuja lakini nasema mapema, mimi naomba barafu. Samaki wanaharibika. Mikoko haitii samaki baridi.

21:31 Shee Barafu: Na isije ikawa kama ile orodha ya wavuvi

21:31 Salma: Usiifungue hiyo

21:32 Mwinyi: Ile orodha mimi mpaka leo sijui jina langu lilitokaje na la mtu asiyejua kutupa nyavu likaingia

21:32 Salma: Ndio imeshafunguliwa

21:35 Mama Twaha: Shee mwanangu, barafu ya kumuweka samaki gani? Changu na tafi wadogo wanakulia kwenye mizizi ile. Wewe mwenyewe ulipokuwa mtoto ulikuwa unavua na ndoana pale nyuma ya makaburi, leo unachoma petroli mpaka kule mbali. Mashine ya barafu utaijaza nini?

21:37 Shee Barafu: Maneno ya kweli lakini mikoko inachukua miaka. Mimi nina watoto wa kula leo.

21:38 Mama Twaha: Ndiyo maana uje uyaseme hapo Jumamosi, yasiishie humu.

ALHAMISI

06:12 Mama Twaha: Sabah al-kheri. Majina mpaka sasa: mimi, Mwalimu, Shee. Watu 3 katika kikundi cha watu 112.

06:40 Bakari wa Kaa: Niandike. Kaa ni wangu, lazima niwatetee

09:05 Bi Rukia: Mimi siji.

09:05 Mama Twaha: Kwa nini mama?

09:14 Bi Rukia: Unajua. Miche tuliotesha sisi akina mama, vikopo tulijaza tope kwa mikono, kila siku tukimwagilia. Wale wa mradi wakaja wakapiga picha, wakaipanda kule mbele siku moja na wageni wao na fulana za kijani. Pesa ya nusu ndiyo tuliyoiona. Nusu nyingine wakasema baada ya kuhesabu. Walipokuja kuhesabu miche imekufa, wakasema basi hakuna cha kulipa. Kwani mimi ndiye niliyeipanda pale?

09:15 Bi Rukia: Nilikopa sukari dukani kwa ajili ya hiyo nusu.

09:20 Salma: Kweli kabisa, na fulana hatukupewa

09:22 Bakari wa Kaa: Mimi ninayo moja, nafutia injini

09:26 Mama Twaha: Bi Rukia una haki. Wala sikuombi usamehe. Nakuomba uje uliseme hilo mbele ya watu wa kaunti kama ulivyoliandika hapa, ili safari hii malipo yaandikwe kwenye karatasi kabla ya mtu kutia mkono kwenye tope.

09:27 Mama Twaha: Hilo ndilo jambo linaloniuma mimi. Tunasikia nchi inataka miti bilioni 15 kufikia 2032. Kila mahali wanahesabu iliyopandwa. Nataka kaunti yetu ihesabu iliyopona, na imlipe anayeitunza mpaka ipone.

09:41 Mwalimu: Hapo umesema.

09:43 Mwalimu: Na wanaosema baraza ni kupoteza wakati wakumbuke mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ina maana kiti chako barazani kina uzito kisheria. Ukikaa umekaa, usipokaa pia uzito huo uko kwako.

10:20 Ahmadi Mombasa: Mikoko siku hizi ni pesa. Gazi kule Kwale wanauza kaboni, tangu 2013. Wamevuta maji, wamenunua vitabu vya skuli. Kwa nini sisi tusiuze?

10:21 Mwinyi: Kuuza nini?

10:21 Ahmadi Mombasa: Hewa. Mikoko inavuta moshi inauweka kwenye tope, wazungu wanalipia.

10:22 Mwinyi: Hewa ya mikoko ya Matondoni unavyoijua wewe ilivyo na harufu?

10:22 Twaha: 😂😂😂

10:23 Bakari wa Kaa: Waje wanunue ya hapa kwa Mwinyi akitoka kula maharage

10:24 Salma: Astaghfirullah kuna watu wazima humu

10:30 Mama Twaha: Ahmadi, Gazi walianza na mikoko iliyo hai. Sisi tuna kuni. Tuanze na ya kwanza.

10:31 Mama Twaha: Na wewe mwenyewe uko Mombasa, nauli ya kuja Jumamosi unayo?

10:52 Ahmadi Mombasa: Nitachangia mahamri

12:47 Mama Twaha: Omari, ami yangu, naona unasoma tangu jana. Gesti yako iko palepale juu ya hori, wageni wako ndio wanaolalamika mbu na uvundo. Utakuja?

16:10 Mama Twaha: Omari?

20:41 Athu: Asalaam aleikum. Babu amesomewa ujumbe wote tangu jana. Ametuma sauti lakini najua wengi hamna bando, nimeiandika kama alivyosema.

20:49 Athu: "Wanangu, nimewasikia. Mimi mikoko nimeikata tangu ujana, boriti na mazio za kupakia jahazini, na mlilana wa mataruma, mbavu za zombo za mafundi wetu. Ilipowekwa marufuku 2018 nilikuwa nimeshaweka shoka tini kwa uzee. Kwa hivyo naiyua inapokaa, kila aina na mahali pake. Mlilana hukaa mbele ya mai. Nyuma yake mkoko wenyewe. Kisha muia na mkandaa. Mchu ni wa mwisho, kule kwenye mtanga. Wale wa mradi waliutia mkoko mbele ya mlilana, kwenye tope wazi lenye wimbi. Niliwaambia. Wakaniandika jina wakaenda zao. Rukia hakuua mche hata moya."

20:50 Athu: "Na hori lile halikufa kwa shoka. Sisi tulikata miaka na miaka na likaota tena, kwa sababu mai yalikuwa yakiingia na kutoka. Lilikufa mlangoni, pale mai yanapoingilia. Kifusi kilimwagwa mlangoni ile nyumba ilipojengwa, juu ya kifusi zikatupwa taka, nepi na chupa, mpaka ndia ya mai ikaziba. Mai yakituama kwenye yua, chumvi huzidi, na mti hauwezi. Msiwaombe kaunti miche. Fungueni mlango. Mai yakiingia yataleta mbegu zenyewe, na pasipoota ndipo mupande, mupande mti wa mahali pale. Simtaji mtu. Mwenye kifusi anayiyua, na babake alikuwa rafiki yangu."

20:50 Athu: Mwisho.

21:22 Bi Rukia: Allah akuweke Nahodha.

21:23 Bi Rukia: Nitakuja Jumamosi.

22:05 Omari: Ujumbe huu umefutwa

22:06 Omari: Ujumbe huu umefutwa

IJUMAA

05:48 Mama Twaha: Sabah al-kheri. Nimelala na maneno ya Babu Nahodha. Nimeyaandika upya kwa kalamu. Pendekezo letu libadilike: kwanza kufungua mlango wa hori na kutoa kifusi na taka. Pili mahali pa kutupia taka, kaunti waseme wazi boti ya kuzichukua inapita lini, kwa sababu tukisafisha bila hilo tutazitupa palepale. Tatu malipo ya watunzaji kwa miti iliyopona. Miche baadaye, kama itahitajika.

05:49 Mama Twaha: Anayepinga aseme sasa.

06:30 Shee Barafu: Sipingi. Ila barafu iwe ya nne.

06:31 Mama Twaha: Nimeandika ya nne.

06:55 Mwalimu: Kuna la muhimu. Kesho ni bamvua, maji yanajaa na kukupwa kupita kawaida. Baraza saa 3, maji yanakupwa, kwenye saa 5 ni tope tupu. Boti ya kaunti ikiingia asubuhi haitoki mpaka alasiri.

06:57 Bakari wa Kaa: Wakwame. Tuwalishe mahamri ya Ahmadi mpaka watie saini

06:58 Mwalimu: Mimi naona ni vizuri kweli. Maji yakikupwa tuwapeleke kwa miguu mpaka mlangoni wakione kifusi kwa macho. Bandani tutaongea, pale wataona.

07:02 Mama Twaha: Mwalimu hilo nimelipenda. Athu, Babu ataweza kufika?

07:20 Athu: Anasema akibebwa na punda anakuja. Kutembea mpaka horini hawezi.

07:21 Twaha: Punda wa nani?

07:21 Bakari wa Kaa: Wangu ana adabu mbaya, hawezi kubeba mtu mkubwa

07:30 Mama Twaha: Punda tunawahitaji kwa kifusi pia. Kaunti wasipotoa mashine, sisi tunaanza na makarai na punda. Tena mashine isiingie ovyo, itavunja mizizi iliyobaki. Andikeni punda hapa.

07:44 Salma: Wetu 1

07:51 Mwinyi: 2, lakini siyo Jumamosi, wana kazi ya mchanga

08:15 Mama Twaha: Kazi ya kifusi siyo Jumamosi, Jumamosi ni baraza. Siku ya kazi tutapanga na mtu wa misitu, tusije tukashikwa kwa kuingia msituni bila ruhusa.

08:16 Mwinyi: Lini basi?

08:16 Mama Twaha: Tutapanga hapo kesho.

08:17 Mwinyi: Kwa hivyo niandike punda wa siku isiyojulikana

08:20 Mama Twaha: Ndiyo.

11:02 Ahmadi Mombasa: Nimetuma 500 ya mahamri kwa Bi Rukia

11:05 Bi Rukia: Imefika. Unga peke yake unataka zaidi ya hapo.

11:06 Ahmadi Mombasa: Ndio niliyonayo

13:50 Mama Twaha: Baada ya swala nimeongea na mtu wa kamati. Amesema fomu ina nafasi ya pendekezo moja kwa kila mtaa. Moja. Sisi tuna manne. Nimemwambia kufungua hori na taka ni jambo moja, hajanijibu.

13:58 Shee Barafu: Nilijua barafu itakuwa ya kwanza kuondoka

14:00 Mama Twaha: Haijaondoka. Njoo tubishane naye kesho.

14:31 Mama Twaha: Wa kesho: mimi, Mwalimu, Shee, Bakari, Bi Rukia, Salma, Athu na Babu. Wengine 104 mnasoma, nawaona.

16:37 Omari: Waleikum salaam. Nimetoka kwa Nahodha sasa hivi. Tumeongea.

16:38 Mama Twaha: Alhamdulillahi. Mmekubaliana nini ami?

16:52 Omari: Tumeongea.

16:53 Omari: Kifusi hakikuwa changu chote. Kuna majina mengine humu, hayataandikwa na mimi.

16:53 Bakari wa Kaa: 👀

16:54 Mama Twaha: Bakari nyamaza. Omari, kesho watu wa kaunti watauliza nani anatoa kifusi. Niandike nini?

17:20 Omari: Punda wangu wote 4 waandike.

17:20 Mama Twaha: Na wewe?

17:46 Omari: Punda andika. Mimi bado.