Pampu ya maji ya kioo cha mbele imenyamaza: naweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani?

Msafiri wa Kibaigwa aliuliza:

Ndugu zangu, habari za leo. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2005, lenye waipa mbele na nyuma, ambalo hulitumia kila wiki kati ya Kibaigwa na Dodoma mjini. Kwa wiki mbili sasa, nikivuta mkono wa waipa kuelekea kwangu, waipa zinafuta kama kawaida lakini maji hayatoki hata tone. Jumatano jioni nilikuwa narudi Dodoma nyuma ya lori la mahindi, jua limenikabili usoni, na vumbi likachanganyika na wadudu hata kioo kikaota utando. Waipa zilipopita ziliupaka ule uchafu badala ya kuuondoa, nikalazimika kusimama kando ya barabara na kukiosha kioo kwa maji yangu ya kunywa.

Fundi mmoja niliyempitia alisema pampu imekufa, na alisema hivyo kabla hajafungua hata boneti. Anataka shilingi 90,000, ikiwamo kazi ya kushusha bampa. Mimi ninazo spana, bisibisi, na mita ya umeme niliyoinunua nilipofunga sola nyumbani. Naomba kujua kama kazi hii inawezekana kwa mtu asiye fundi, na nianzie wapi.

Fundi Mstaafu, Tanga:

Ndugu msafiri, huenda pampu hiyo imekufa kweli, lakini usinunue nyingine kabla hujaisikiliza. Katika miaka yangu ya gereji nimeletewa pampu nyingi mpya zikiwa bado kwenye kasha, mwenye gari ameshatoa fedha zake, kisha tukakuta kosa lilikuwa mpira wa maji uliochomoka.

Kwanza jaza tangi la maji ya kioo, wala usicheke, maana nimeshafungua bampa la mtu ambaye tangi lake lilikuwa kavu. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini ili gari liwe kimya, mtu mwingine avute mkono wa waipa, nawe utege sikio karibu na gurudumu la mbele upande ambao tangi limefungwa. Ukisikia mlio kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, mota inazunguka na kasoro iko mbele yake. Chomoa mpira pale kwenye mdomo wa pampu, mwenzako avute tena. Maji yakiruka kwa nguvu, pampu ni nzima, nawe ufuate mpira hadi kwenye boneti. Mara nyingi hupasuka au kuchomoka pale unapopita kwenye bawaba, kwa kuwa hukunjwa kila boneti inapofunguliwa. Mpira ukiwa salama, vitundu vya kurushia maji ndivyo vimeziba. Vizibue kwa pini nyembamba, kisha upulize kutokea nje ili uchafu urudi ulikotoka badala ya kubanwa zaidi kwenye kitundu. Maji yakidondoka kinyonge pale kwenye mdomo wa pampu, au usipoona kitu huku mota inalia, basi takataka zimeziba pale pampu inaponyonya ndani ya tangi.

Kukiwa kimya kabisa, tazama fyuzi. Chini ya kifuniko cha sanduku la fyuzi huwa kuna mchoro, na aghalabu utakuta neno WASHER. Ikiwa imeungua, weka yenye namba ileile ya ampia, usiweke kubwa zaidi kwa kutaka isiungue tena, kwa sababu hapo kitakachoungua ni waya. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo unapovuta mkono, kuna shoti njiani au mota imekwama.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoa plagi ya nyaya kwenye pampu, weka mita kwenye volti za DC, na uingize ncha zote mbili ndani ya plagi huku mwenzako akivuta mkono. Nasisitiza ncha zote mbili. Wengi hugusa waya mmoja na ncha ya pili wakaiweka kwenye bodi ya gari. Yapo magari ambayo waya mmoja wa pampu huwa na umeme muda wote swichi ya funguo ikiwa imefunguliwa, na mkono wa waipa kazi yake ni kukamilisha upande wa hasi tu. Ukipima kwa kutumia bodi utasoma volti 12 hata kama swichi ya mkono ndiyo iliyokufa, na utanunua pampu bure.

Nijibu pia: maji ya kioo cha nyuma yanatoka?

Msafiri wa Kibaigwa:

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Nimefanya yote jana jioni, mke wangu akiwa ndani ya gari na mimi nimelala juu ya gunia. Pampu iko kimya kwa mbele na kwa nyuma. Fyuzi ni nzima. Kwenye plagi, alipovuta mkono kuelekea kwake mita ilisoma 12.2, na aliposukuma kwa ajili ya kioo cha nyuma ikasoma 12.2 yenye alama ya kutoa mbele yake. Nilidhani nimegeuza ncha, nikarudia mara tatu na majibu yakawa yaleyale. Pini moja ya pampu ilikuwa na ukungu wa kijani. Niliisugua kwa msasa laini, nikarudisha plagi, bado kimya. Nimeona pia kwamba pampu ina midomo miwili, kila mmoja na mpira wake.

Fundi Mstaafu, Tanga:

Marahaba. Hukukosea kitu. Gari lako lina mota moja inayohudumia vioo viwili. Mkono wa waipa ukivutwa, umeme unaingia kwa upande mmoja na mota inazungukia huku. Ukisukumwa, nyaya zinabadilishana chanya na hasi, mota inazungukia kule, na ndani yake kuna kiwambo kidogo cha mpira kinachofunga mdomo mmoja na kufungua mwingine. Ile alama ya kutoa ndiyo imetueleza hayo yote. Magari mengine huwa na pampu mbili zilizojitenga, kila kioo na yake, kwa hiyo dukani usiseme tu "pampu ya waipa", sema ya midomo miwili.

Volti zinafika na mota haiitikii. Jambo moja la mwisho: mwenzako akiwa amevuta mkono, igonge pampu taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake za kupitishia umeme zimelika na itakuangusha tena barabarani, na isiposhtuka ndiyo imekwisha. Kwa vyovyote vile, ibadilishe.

Binti Gereji, Mombasa:

Kaka, pole kwa safari hiyo. Mzee amemaliza upande wa umeme, nami niongeze upande wa kuitoa, kwa kuwa hapo ndipo watu huharibu kitu kilichokuwa kizima.

Si kila gari linahitaji kushushwa bampa. Tangi likiwa mbele ya gurudumu, kata usukani hadi mwisho kuelekea upande ulio kinyume na tangi, nawe utaona nafasi inafunguka mbele ya tairi. Plastiki inayofunika ndani ya madigadi imeshikwa na klipu, na pengine skrubu mbili tatu. Klipu hizo zina kitovu katikati: nyingine hubonyezwa kidogo kikazama, nyingine huinuliwa kwa bisibisi bapa. Tazama kwanza ni ya aina gani, maana za gari la miaka ishirini huvunjika kama biskuti, na ni vyema ununue chache za akiba. Huna haja ya kuivua plastiki yote, fungua nusu ya mbele na uikunje. Ukilazimika kuinua gari, liegemeze kwenye stendi, uweke kizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma, na usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Zima swichi, utoe funguo. Nyonya maji ya tangini kwa mpira, au tanguliza beseni, kwa sababu pampu ikitoka maji yote yatakufuata mikononi. Kabla ya kugusa mipira miwili, tia alama ya rangi ya kucha kwenye mpira mmoja na kwenye mdomo wake. Mpira uliogandamana usivutwe kwa plaia. Umwagie maji ya moto, subiri kidogo, kisha uuzungushe kwa vidole hadi ulegee. Plagi ya nyaya ina kilimi cha kubonyeza, na vumbi likiwa limekaa ndani hakibonyezeki, basi kioshe kwanza.

Pampu yenyewe mara nyingi haina boliti. Imekaa ubavuni mwa tangi kama kikombe kwenye kishikio, na shingo yake imeingia ndani ya raba ya kuzibia. Ielekeze juu au nje kidogo, izungushe huku ukiivuta, nayo itachomoka.

Sasa hiyo raba ndiyo kazi yenyewe. Itoe, iangalie mwangani, uibinye: ikiwa ngumu kama kifuniko cha chupa au ina ufa, nunua mpya, kwani pampu mpya kwenye raba ya zamani itavuja na utalaumu pampu. Baadhi ya raba zina wavu mdogo wa kuchuja upande wa ndani, na ute wa kijani unaoukuta pale ndio unaoua pampu nyingi. Suuza tangi mpaka maji yatoke meupe. Irudishe raba peke yake kwanza, upitishe kidole kuizunguka ili uhakikishe mfereji wake umeshika ukingo wa tundu pande zote. Lowesha shingo ya pampu kwa maji ya kawaida, kisha isukume ikiwa imenyooka. Usipake grisi, maana mafuta yake huifanya raba ivimbe, na usipake gundi wala silikoni ya kuzibia. Nimewahi kukaa saa nzima nikikwangua silikoni kwenye tangi la mteja ambaye alitaka kuokoa raba.

Mluguru wa Barabara Kuu:

Nakubaliana na dada kwa sehemu kubwa, ila kuhusu bampa asiwe na uhakika sana. Kwangu boliti ya juu ya tangi ilikuwa imejificha nyuma ya bampa, na pampu ilikuwa imegeukia ndani mahali ambapo mkono haufiki. Nilishindana na ile plastiki nusu siku, mwishowe nikashusha bampa kwa dakika arobaini.

Kuhusu kununua, nenda dukani na pampu ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. Linganisha unene wa shingo, mwelekeo wa midomo na umbo la plagi, kwa sababu zipo zinazofanana kama pacha na plagi haiingii. Ukichukua ya mtumba, omba ijaribiwe kwa betri shingo yake ikiwa ndani ya kikombe cha maji, kwa pande zote mbili za umeme, sekunde chache tu. Haipendi kuzungushwa ikiwa kavu, kwa sababu maji inayosukuma ndiyo yanayoipoza.

Na mtu wa Dodoma nikuulize, unatia maji gani? Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe kwenye vitundu. Kinga maji ya mvua ukiweza. Sabuni ya unga usitie kabisa, huganda chini ya tangi, matone machache ya sabuni ya maji yanatosha. Wapo pia wanaotia maji ya rejeta ya rangi ya kijani wakidhani yanasafisha. Ni sumu, na yanaacha utando unaong'aa kila taa ya gari la mbele inapokupiga.

Msafiri wa Kibaigwa:

Narudi na majibu. Pampu niligonga kama mzee alivyoelekeza na haikushtuka. Nimepata ya midomo miwili ya mtumba, tukaijaribu dukani kwenye kikombe cha chai, na muuzaji alilowa shati. Bampa sikulishusha, nafasi ya madigadi ilinitosha, ingawa klipu tatu kati ya tano zilivunjika. Ndani ya tangi nilikuta ute kama wa mtungi uliosahaulika, na nzi wawili. Raba ilikuwa imekauka, nimeweka mpya. Nimeacha gari usiku kucha juu ya kadibodi kavu, na asubuhi kadibodi ilikuwa bado kavu.

Tatizo limebaki moja. Nikivuta mkono ili nipate maji ya mbele, yanaruka kioo cha nyuma. Nikisukuma kwa ajili ya nyuma, yanaruka mbele. Je, pampu niliyouziwa ni mbovu?

Binti Gereji, Mombasa:

Kaka, ile rangi ya kucha uliipaka?

Msafiri wa Kibaigwa:

Sikuipaka, dada yangu. Niliona mipira ni miwili tu, nikasema nitaikumbuka. Nimeibadilishana sasa hivi, na kila kioo kinapata maji yake. Mkondo wa upande wa dereva ulikuwa unaruka juu ya paa hadi kwa kuku wa jirani, nimeuinamisha kwa ncha ya sindano na sasa unapiga katikati ya kioo.

Fundi Mstaafu, Tanga:

Uinue juu kidogo kuliko hapo ikiwa umeupima gari likiwa limesimama. Ukiwa kwenye mwendo wa 80 au 100 upepo huyakandamiza maji yakaangukia chini zaidi, kwa hiyo ujaribu barabarani pasipo na msongamano kabla hujafunga sanduku la spana.