Pumu ya ngozi kwa mtoto: haidrokotisoni, betamethasoni au tyubu ya mchanganyiko?

MamaTatu_Igoma
Wakuu habari za jioni. Binti yangu wa miaka 4 ana pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku anajikuna mpaka shuka linapata madoa ya damu. Kliniki wamenipa haidrokotisoni 1%. Jirani anasema hiyo ni nyepesi, nitafute betamethasoni. Duka la dawa la mtaani wananishauri ile tyubu ya mchanganyiko, eti inatibu kila kitu. Nishike ipi?

NesiMstaafu_Nyakato
Pole mwanangu. Shika ya kliniki. Dawa hizi ni steroidi, yaani dawa za kutuliza wekundu na muwasho, na zina ngazi za ukali: haidrokotisoni 1% iko chini, betamethasoni valereti 0.1% ni kali, klobetasoli 0.05% iko juu kabisa. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na kwenye mikunjo dawa inapenya zaidi. Betamethasoni si sumu. Daktari anaweza kumwandikia kwa siku chache kama hiyo nyepesi haikutosha, ila aamue yeye, si jirani. Ya mchanganyiko iache dukani: mara nyingi humo mna steroidi kali, dawa ya fangasi na antibaiotiki, na mtoto wako hajaambiwa ana fangasi.

Kirumba_Mwaloni
Hilo la fangasi lilinipata. Nabeba samaki, suruali inashinda imelowa. Nikatoka mduara pajani, unawasha balaa. Nikapaka betamethasoni niliyoazima kwa rafiki, siku ya tatu muwasho kwisha. Nilipoacha, haikupita wiki ukarudi, umetambaa hadi kiunoni, na ile kingo yake ya mviringo haionekani tena. Daktari akakwangua magamba, akayatazama kwenye darubini: choa. Steroidi ilikuwa imetuliza wekundu tu, huku chini fangasi wanastawi.

MamaTatu_Igoma
Shikamoo mama, asante. Sasa nipake kiasi gani? Nimesikia inachubua ngozi, kwa hiyo nagusisha tu.

NesiMstaafu_Nyakato
Marahaba. Kamua mstari kwenye kidole chako cha shahada, kuanzia nchani hadi mkunjo wa kwanza. Kidole chako wewe, si chake. Hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Paka palipo na ugonjwa, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoandikiwa. Nimeona akina mama wengi wanaogusisha kama wewe: mtoto haponi, wanaona dawa haifai, wanakimbilia kali zaidi. Mafuta ya mgando ndiyo usiyabanie. Mpake mwili mzima kila siku, hata ngozi ikitulia, ila yapishane na dawa kama nusu saa. Ukiona majimaji ya njano, malengelenge au homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Dada_Nansio
Naongeza moja: tyubu ya mtoto asiiguse mtu kwa ajili ya uso. Nilipaka krimu ya kung'arisha niliyouziwa sokoni, baadaye nikaambiwa ina klobetasoli. Miezi ya kwanza nilisifiwa. Kisha vipele, mishipa midogo myekundu mashavuni, na nilipoacha uso uliwaka kama nimemwagiwa pilipili. Ilibidi daktari wa ngozi anisimamie miezi.

MamaTatu_Igoma
Pole sana dada. Nimekamua sasa hivi, kumbe nilikuwa napaka hata robo haifiki! Na je, nikishapaka nimfunge nailoni kiwiko asijikune? Jirani ndivyo anavyofanya.

NesiMstaafu_Nyakato
Usimfunge. Nailoni inasukuma dawa ndani, haidrokotisoni inafanya kazi kama dawa kali bila wewe kujua. Mkate kucha, mvalishe pamba ya mikono mirefu. Ikifika siku 7 hujaona nafuu, rudi kliniki na hiyo tyubu mkononi.